SOMO KWA KAMATI: SHABAHA YA FETI

Kamati nyingi huanza kwa kuhesabu viti na masufuria. Kwanza muandike: feti ni ya nani, naye atarudi nyumbani na nini?

Mwaka 1974, Kinshasa ilitayarisha muziki wa siku tatu, tarehe 22 hadi 24 Septemba, kuvuta wageni kwa pigano la Ali na Foreman la tarehe 25. Foreman akaumia juu ya jicho mazoezini. Pigano likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Muziki ulipigwa hata hivyo, lakini wageni wa ng'ambo walikuwa wachache. Serikali ya Mobutu yenyewe ilitaka jina la Zaire lijulikane duniani, hiyo ilifikiwa.

Basi mhubiri mgeni akikwama njiani, kwaya yenu itaimba kwa shabaha gani? Andikeni jibu kabla ya kuchanga franka ya kwanza.