Kunyanyua Mpira wa Wavu: Kazi ya Vidole na Wakati

Mchezo wa mpira wa wavu ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, mwalimu wa michezo huko Holyoke, Marekani, nao uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Nchini Tanzania ni mmojawapo wa michezo ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Kwa kawaida timu huugusa mpira mara tatu: mguso wa kwanza huupokea, wa pili huunyanyua karibu na wavu, na wa tatu huupiga. Timu isiyo na mnyanyuaji hurudisha mpira tu; haishambulii. Lakini ustadi huu ndio wanaouogopa wanafunzi wengi, kwani anayekosea huumia vidole.

Kwa nini vidole huumia?

Mpira una tungamo la gramu 260 hadi 280. Tuchukue kilo 0.27. Ukianguka kutoka mita 2 juu ya mikono, hufika kwa kasi ya mita 6.3 kwa sekunde. Ili urudi kimo kile kile, hapana budi uondoke mikononi kwa kasi hiyo hiyo kuelekea juu. Badiliko la kasi ni mita 12.6 kwa sekunde. Mpira ukikaa vidoleni sekunde 0.1, kani ya wastani ni nyutoni 34, ukiacha uzito wa mpira wenyewe. Vidole vikikakamaa na mguso ukadumu sekunde 0.02 tu, kani hufikia nyutoni 170. Basi kinachoumiza si mpira, bali ni ufupi wa mguso. Vidole vilegee kiasi na viwiko vikunjwe, ili mpira upate nafasi ya kupunguza mwendo. Hata hivyo usikamatwe, maana kuukamata na kuurusha ni kosa.

Umbo la mikono

Mikono huwekwa juu ya paji la uso, vidole vimetanuliwa kama vilivyoshika bakuli kubwa. Vidole gumba huelekea nyuma, kamwe visielekee kwenye mpira. Gumba, kidole cha shahada na cha kati hufanya kazi kubwa. Viwili vilivyobaki huongoza kando. Kiganja hakigusi mpira. Nguvu huanzia magotini, na mwanafunzi sharti awahi chini ya mpira kabla haujafika.

Hatua za kufundisha

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Msamala, mjini Songea, mwenye wanafunzi 40 na mpira mmoja. Kila mguso ukichukua sekunde 3, dakika 20 hutoa miguso 400, yaani 10 tu kwa kila mwanafunzi. Akiwa na mipira 4, kila mmoja hupata miguso 40. Kwa hiyo sehemu ya somo ifanywe bila mpira rasmi.

1. Wanafunzi wote waige umbo la mikono na kukunja magoti. Mpira wa matambara hufaa hapa, ingawa haudundi.
2. Wawili wawili: mmoja aangushe mpira kutoka karibu, mwenzake audake juu ya paji. Mwalimu akague vidole.
3. Mwanafunzi asiudake tena, bali ausukume juu mita 1, kisha mita 2.
4. Mistari miwili ikabiliane. Aliyenyanyua akimbilie mwisho wa mstari wa pili.
5. Tenga liwekwe chini, mita 3 mbali, liwe shabaha.

Palipo na uhaba wa wavu, kamba ya katani iliyofungwa kwenye nguzo mbili yatosha. Masika, udongo ukiwa na utelezi, hatua ya kwanza na ya pili zifanyiwe chini ya paa.

Kimo na wakati

Mpira uliopanda mita 1 hurudi kwenye kimo cha mikono baada ya sekunde 0.9, wa mita 2, sekunde 1.3, wa mita 3, sekunde 1.6. Mpigaji akimbiaye mita 4 kwa sekunde hupata takriban mita 1.5 za ziada mpira ukinyanyuliwa mita 2 badala ya 1. Kwa hiyo anayeanza anyanyue juu, ili mwenzake awahi.

Zoezi

Pima kwa saa muda t, tangu mpira uondoke mikononi hadi urudi kimo hicho. Kimo kwa mita ni 1.25 × t × t. Linganisha jibu na makadirio ya macho, ueleze tofauti.