SPEA ZA KALE: Usiuze buti la Beetle kwa kilo

Mfanyabiashara mwenzangu wa spea na chuma chakavu, leo tuongelee Volkswagen Beetle, zile za injini nyuma na buti mbele. Ikikujia imekufa, wengi hukimbilia injini na milango. Buti linapigwa shoka tu, wakati anayefufua gari la kale anahangaika miezi kutafuta vitu vya humo ndani.

Kwanza jua umeshika ya mwaka gani, maana mteja atakuuliza. Kama mafuta yanajazwa kwa kufungua boneti la mbele, hiyo ni ya kabla ya modeli ya 1968. Kuanzia hapo mfuniko ulihamia nje, ubavuni. Na spea tairi ikiwa imelala chini ya sakafu ya buti, hiyo ni Super Beetle, iliyoanza 1970.

Sasa kagua taratibu. Ile kadibodi ngumu inayofunika tanki na nyaya usiioshe kwa maji, itaumuka kama mkate. Hata kama imechanika ina mtu wake, fundi ataitumia kama kipimo cha kukatia mpya.

Ukikuta chupa ya maji yenye mpira unaokwenda kwenye spea tairi, usione takataka! Beetle nyingi za miaka ya 1960 zilisukuma maji ya kuoshea kioo kwa upepo wa tairi hilo. Chupa, mpira na valvu yake viuzwe pamoja. Rimu nayo iangalie vizuri, nyingi zimegongwa mwezi na mwaka.

Jeki na mkoba wa zana (plaizi, bisibisi, spana ya plagi) usivipige brashi ya waya wala kupaka rangi. Rangi ya kiwandani, hata iliyochubuka, ndiyo mteja analipia.

Halafu kuna boksi la duara la Hazet, linakaa katikati ya rimu ya spea tairi. Halikuja na kila gari, liliuzwa pembeni. Wakusanyaji wanalisaka sana, ndiyo maana ya kuiga yapo. Usiape kuwa ni orijino. Mtumie mteja picha za maandishi yaliyogongwa kwenye kila spana, aamue mwenyewe. Ukimchomekea hatarudi, na hawa watu wanajuana.

Picha ya kwanza piga kabla hujagusa kitu, boneti likiwa wazi na kila kitu mahali pake. Hiyo ndiyo utakayoombwa kwanza.