Kuandika Riwaya ya Mapenzi ya Koo Zenye Uadui: Mfano wa Wakilindi na Wabondei

Riwaya ya kihistoria ya wapenzi kutoka koo mahasimu husimama juu ya uhasama wenyewe. Msomaji akianza kujiuliza kwa nini vijana wale wasioane tu, kitabu kimeshaanguka. Mwandishi anayeishi Makorora, mjini Tanga, hana haja ya kubuni ugomvi; uko mmoja mkubwa nchi za jirani, Usambara na Bonde, katika karne ya 19.

Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara wa ukoo wa Wakilindi, alifariki mwaka 1862. Kiti cha Vuga, mji mkuu wake, kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mtoto wa Kimweri, alikuwa amejenga Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara, na huko alipata bunduki ambazo Vuga haikuwa nazo. Vita vikazuka baina ya watu wa damu moja. Raia walikamatwa na kuuzwa utumwani pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei waliwainukia watawala wao wa Kikilindi, wakawaua baadhi na kuwafukuza wengine. Uasi huo huitwa Kiva.

Utajiri wa hadithi umo katika desturi moja ya Wakilindi: watawala walioa wanawake wa koo za raia, ili mtoto atakayetawala mahali awe na wajomba pale pale. Kwa hiyo Kiva ilipofika, wapo waliokimbia mapanga ya wajomba zao wenyewe. Binti wa Kikilindi aliyefichwa na bibi yake mzaa mama, katika kijiji kilichomwaga damu ya baba yake, ni mhusika ambaye historia imekwisha kumwandaa. Kijana wa Kibondei anayeleta chakula mlangoni, ilhali dada yake aliuzwa Pangani kwa amri ya baba wa binti huyo, ni mwenzake anayestahili. Wote wawili wana haki. Rasimu nyingi hufa kwa sababu upande mmoja umefanywa wa mashetani, na hapo chuki ya mhusika haina uzito wowote inapoyeyuka.

Chuki isigeuke mapenzi kwa sababu ya uzuri wa sura. Inahitaji tendo lenye gharama: kijana anyamaze mbele ya wazee wanaomtafuta binti, au binti ataje jina la tajiri aliyemnunua yule dada, akijua anamfedhehesha marehemu baba yake. Matendo mawili ya namna hiyo yanatosha kuibeba riwaya nzima.

Kitabu cha kuanzia utafiti ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Ni hazina kubwa ya Kiswahili na kinastahili kusomwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo mwandishi wake aliwahi kuishi karibu na Semboja, basi simulizi za Kibondei zitafutwe pia. Makorora ina wazee wa makabila mengi ya mkoa. Ni vema kila upande usikilizwe peke yake, nyumbani kwake, kwa sababu watu huficha makali ya maneno mbele ya majirani.

Zana za maisha zichungwe. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, na mkonge uliletwa mwaka huo huo; vyote viwili havina nafasi katika mandhari ya Kiva. Kanga zenye maandishi ni za baadaye pia, kwa hiyo binti hawezi kumtumia mpenzi wake ujumbe wa kanga, hata kama inatamanisha. Mapenzi yasemwe kwa fumbo, kwa kazi za mikono, kwa mtu wa kati.

Posa ndiyo sura ngumu kuliko zote, na ndiyo inayofaa kupewa kurasa nyingi. Baba wa binti ameuawa: nani atapokea mahari? Mjomba aliyekuwa miongoni mwa waasi ndiye mzee aliyebaki, na mkono wake ndio utakaopokea. Mama wa kijana naye atapika karamu ya harusi huku bintiye aliyeuzwa hajarudi. Riwaya isiishie harusini. Mtoto wa kwanza atakapozaliwa, mwandishi ataamua ni nani wa kila upande atakuja kumwona, na nani atakataa.