Mlima Uliopita Mawingu

Katika nchi ya Uskoti, upande wa kaskazini wa kisiwa kikubwa cha Uingereza, uko mlima uitwao Ben Nevis. Urefu wake ni mita 1345 tu. Watu wa Kivu, waliozoea kuutazama Karisimbi, wangeuita kilima. Lakini katika kisiwa kile hakuna ulio mrefu kuupita.

Huko mwaka una majira manne. Mwezi wa Septemba joto hupungua, usiku huzidi urefu, na majani ya miti huanza kugeuka manjano na mekundu kabla ya kuanguka. Katika majira hayo mtu aweza kuondoka bondeni ndani ya ukungu mzito, asione hatua kumi mbele yake. Hupanda muda mrefu, nguo zikilowa. Kisha kwa ghafula hutokea penye jua. Mawingu yote yako chini ya miguu yake kama ziwa jeupe, na vilele vingine vimesimama humo kama visiwa.

Sababu yake ni nini? Kwa desturi, kadiri mtu apandavyo ndivyo baridi izidivyo, kama digrii 6 kwa kila mita 1000. Lakini usiku usio na upepo, mbingu zikiwa wazi, ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, ikawa nzito, ikateremka mabondeni kama maji. Humo mvuke hugeuka matone madogo sana: ndio ukungu. Hewa ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu, nao ukungu hauwezi kupanda. Wakaao milimani huko Kongo wameuona mara nyingi alfajiri, umelala bondeni.

Lakini kifuniko chaweza kuondoka. Upande wa kaskazini wa Ben Nevis mwamba umekatika wima, mamia ya mita. Wingu likipanda na kufunika kilele, mtu aweza kuufikia ukingo asijue. Wako waliokufa hivyo.

Asimamaye juu, jua likiwa mgongoni mwake, huenda akaona ajabu nyingine. Katika wingu lililo mbele yake hutokea kivuli kikubwa cha mtu, na kichwa kimezungukwa na pete za rangi, nyekundu ikiwa upande wa nje. Akiinua mkono, nacho huinua. Wazungu walikiita mzimu wa Brocken, kwa jina la mlima mmoja wa Ujerumani. Si mzimu: ni kivuli chake mwenyewe, na pete ni nuru ya jua iliyorudishwa na matone. Tena, wakisimama wawili mbalimbali, kila mmoja huona pete zikizunguka kichwa chake tu, wala si cha mwenziwe.

Tangu mwaka 1883 hata 1904 palikuwa na nyumba kileleni, ambamo watu walipima hewa kila saa, usiku na mchana. Mwezi wa Septemba 1894 alikaa humo kijana mmoja, C. T. R. Wilson, mwana wa mfuga kondoo. Aliziona pete zile, akatamani kuzifanya tena kwa mikono yake. Mwaka uliofuata, huko Cambridge, alitia hewa yenye unyevu katika chombo cha kioo, akaitanua kwa ghafula. Ikapoa, wingu likatokea. Aliendelea miaka mingi. Mwaka 1911 akaona ndani ya kioo nyuzi nyembamba za matone: ni nyayo za vipande vya atomu, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kwa chombo hicho alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1927.