KUTWANGA UDONGO: NI NINI HUBADILIKA?

Wafinyanzi wengi huuliza: "Udongo ukitwangwa zaidi, si ndio huwa bora?" Ni kweli, lakini kuna kiasi.

Tuchukue kaolini, ule udongo mweupe. Chembe zake ni bapa na nyembamba, zimelaliana kama kurasa za kitabu. Ndani yake kuna maji yaliyofungwa, karibu gramu 14 katika kila gramu 100. Haya si maji ya mvua. Anika udongo juani hata mwezi, hayatoki. Huondolewa na moto wa tanuri, kama nyuzi 500 za Selsiasi na zaidi. Ndiyo maana chungu kilichoiva hakirudi kuwa matope, lakini tofali bichi likinyeshewa, kwisha!

Sasa ajabu ni hii: kusaga pia kwaweza kuyafungua maji hayo bila moto. Wataalamu hutia kaolini kavu katika pipa lenye mipira mizito, wakalizungusha kwa saa nyingi. Kwanza kurasa huachana na unga huwa laini. Baadaye kurasa zenyewe huvunjika, mpango wake hupotea, na yale maji hulegea yakabaki yameshikilia juu juu tu. Chembe nazo huanza kugandana tena. Huo si udongo wa awali tena. Ukichanganywa na chokaa na maji, hushika kama saruji.

Je, kinu chetu cha mbao? Hakifiki huko, msiwe na hofu. Mchi huvunja mabonge tu. Basi pia msitegemee mchi ufanye kazi ya tanuri: jiko lisiloiva litabomoka likipata maji, hata unga wake uwe laini kama wa ngano. Mkitaka udongo unaofinyangika vizuri, loweka, chuja ukiwa uji, kisha ufunikeni wiki kadhaa ukiwa na unyevu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni vumbi. Udongo mwingi una silika, ile iliyo katika mchanga. Vumbi lake laini halionekani kwa macho, huingia mapafuni likakaa huko, na baada ya miaka huleta silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Leso puani haitoshi. Nyunyizeni udongo maji kabla ya kutwanga, na msifagie sakafu ikiwa kavu. Na akina mama, mtoto aliye mgongoni hupumua vumbi lile lile. Siku ya kutwanga, aachwe kwa nyanya yake.