SOMO: TUKETI KWANZA, TUHESABU
(Somo la Familia. Someni pamoja: Luka 14:28-30 na Mithali 15:22)



Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na majirani wakamcheka. Tumezoea kulitumia neno hili tunapojenga kanisa. Leo tulitumie katika jambo la nyumbani: baba na mama wanaotaka kuwapeleka vijana wao kuuona mji wa nchi jirani wakati wa likizo.

Kwetu sisi wa Bukiriro mji huo ni Kigali. Uko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Ukivuka daraja la Rusumo umebakiza kilometa kama 160 tu, na Mhangaza husikilizana na Mnyarwanda bila mkalimani. Lakini ukaribu huo ndio unaotudanganya, tukaondoka bila hesabu.

1. Kosa langu

Mwaka 2009 mimi na mama watoto tuliwapeleka wanetu watatu Kigali. Wote walikuwa vijana wa sekondari. Fedha nilizitia mfukoni, nisimwambie mtu ni kiasi gani. Mwanangu wa kwanza aliomba viatu, nikamkatalia kwa ukali bila kumpa sababu. Jioni nikaona haya, nikamnunulia. Wenzake nao wakadai vyao, nikatoa. Tulirudi nyumbani kwa furaha, lakini fedha niliyokuwa nimeitoa ilikuwa ada ya shule. Januari kijana yule yule alirudishwa nyumbani kwa kutolipa. Nilipomweleza ukweli, aliniambia hivi: "Baba, ungalituambia, nisingaliomba viatu."

Nimefundisha ualimu miaka mingi, lakini siku ile mwanangu ndiye aliyenifundisha. Niliwahesabu vijana wangu kuwa ni midomo ya kulisha, kumbe walikuwa na akili za kushauri.

2. Fedha isiyoguswa

Kabla ya kuandika neno "safari", tengeni mahitaji ya shule, mbegu na mbolea, matibabu, na sadaka ya Bwana. Kinachobaki ndicho cha safari. Kama hakuna kinachobaki, safari ingoje mwaka mwingine. Msikope ili kwenda kutembea. Deni la matembezi hulipwa na watu waliokwisha kusahau furaha yake.

3. Hesabu ya mfano

Tuchukue familia ya watu watano, wazazi wawili na vijana watatu, yenye shilingi 1,000,000 kwa siku 4. Bei hizi ni za kufundishia tu. Ulizeni bei za sasa stendi, na kwa watu waliorudi karibuni.

Nauli kwenda na kurudi: watu 5 × sh. 50,000 = 250,000
Malazi: vyumba 2 × usiku 3 × sh. 50,000 = 300,000
Chakula: watu 5 × siku 4 × sh. 10,000 = 200,000
Usafiri ndani ya mji = 60,000
Fedha ya vijana mkononi: 3 × sh. 20,000 = 60,000
Sadaka na zawadi = 30,000
Jumla = 900,000
Akiba ya dharura = 100,000

Akiba hiyo ashike mama, wala isihesabiwe kuwa fedha ya kutumia. Hesabu ikizidi, punguzeni siku. Katika mfano wetu, kuondoa siku moja kunaokoa sh. 100,000 za malazi na 50,000 za chakula.

4. Mambo yanayokula fedha kimya kimya

(a) Hati. Nendeni Uhamiaji mapema mkaulize kila mtu, hata mtoto, anatakiwa kuwa na hati gani na chanjo gani. Gharama yake iandikwe peke yake.

(b) Faranga. Tuseme faranga 1 ni shilingi 2. Sahani ya faranga 4,000 itaonekana rahisi, kumbe ni shilingi 8,000. Kijana huona namba ndogo akadhani bei ni ndogo. Mfundisheni kuzidisha kabla ya kutoa.

(c) Siku na saa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Wanyarwanda hufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda. Asubuhi hiyo maduka hufungwa na magari huwa machache. Usilipie siku ambayo nusu yake utakaa chumbani. Tena saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

(d) Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku kule tangu 2008. Chakula cha njiani, ambacho huokoa fedha nyingi, kibebwe katika kikapu au vyombo vyenye mifuniko.

5. Vijana wapewe kazi

Mmoja awe mweka hazina, aandike daftarini kila senti inayotoka. Wa pili aulize bei. Wa tatu atafute mahali pasipo na kiingilio. Kwa mfano, Jumapili mwaweza kuabudu na ndugu zetu Waanglikana wa Kigali. Pia kuna Makumbusho ya Gisozi, yaliyofunguliwa 2004, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa mwaka 1994. Kuingia ni bure. Sisi wa Ngara tuliwaona wakimbizi wakivuka Rusumo mwezi Aprili mwaka ule. Vijana wetu hawakuwapo. Wazazi waongee nao kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kwa maana somo hilo ni zito.

Zile sh. 20,000 za kila kijana ni zake. Akizimaliza siku ya kwanza, msimwongeze wala msimseme. Afadhali ajifunze kwa shilingi elfu ishirini akiwa nanyi, kuliko kwa mshahara mzima akiwa peke yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, vijana wako wanajua familia hupata kiasi gani kwa mwaka? Kama hawajui, ni kwa sababu gani?
2. Ni fedha ipi nyumbani mwenu isiyopaswa kuguswa?
3. Fanyeni hesabu ya safari ya siku 2 kwa familia yenu, kijana akiwa ndiye anayeshika kalamu.

Bwana atujalie kuondoka kwa amani na kurudi bila deni. Amina.