Mlima Ulio Nyuma Yako: Faragha na Usalama wa Anayerusha Matangazo Mubashara

Mtu anayesimama ufukweni Matema na kuielekeza kamera ya simu yake ziwani hana haja ya kutaja mahali alipo. Milima ya Livingstone, inayoshuka karibu hadi majini upande wa kushoto, inamtajia. Mwenyeji wa Kyela akiitazama picha hiyo kwa sekunde chache atajua ni ufukwe gani, na akiwa mvuvi huenda akajua hata mtumbwi ulioegeshwa nyuma ni wa nani.

Somo hili tumewaandalia wote wanaorusha matangazo mubashara kwa simu zao, au, kama vijana wasemavyo, wanaoingia laivu: wauza mchele, mafuta ya mawese na vyungu, waimbaji wa kwaya, wachekeshaji, wanaotembeza wageni ziwani, na wale wanaopenda tu kuzungumza na watu jioni baada ya kazi. Wengi wao wanajua kwamba hawapaswi kumpa mtu neno la siri. Wachache wamewahi kufikiri kwamba ukuta, saa ya ukutani, sare ya mtoto na namba ya simu, vikiunganishwa, vinaweza kumfikisha mtu wasiyemjua mlangoni mwao.

Tangazo mubashara lina tabia moja inayolitenganisha na video ya kawaida. Video hurekodiwa, hutazamwa, hukatwa, kisha hupandishwa. Katika mubashara, jicho la mtazamaji na jicho lako huona kitu kwa wakati mmoja, na mara nyingi yeye hukiona kabla yako, kwa kuwa wewe unasoma maoni na yeye anatazama kilicho nyuma yako. Unaweza kufuta rekodi baada ya kumaliza. Huwezi kufuta nakala aliyoirekodi mtazamaji kwenye skrini ya simu yake.

Mfano wa muuza mchele

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya somo, ila kila hatua iliyomo inawezekana kwa simu ya kawaida na bila utaalamu wowote.

Dada mmoja anaishi kando ya barabara iendayo Ipinda. Ananunua mchele kwa wakulima, anaupepeta, na kila siku saa mbili usiku anaingia laivu kutoka barazani kwake. Akaunti yake haina jina lake halisi. Ina jina la biashara tu. Nyuma yake amebandika karatasi yenye namba ya simu ili wateja wa Mbeya na Dar es Salaam watume pesa. Maoni yanamiminika: "Dada, kilo bei gani?" "Dada, unatuma hadi Dodoma?" Anajibu kwa furaha, na wateja wa nyumbani anawashukuru kwa Kinyakyusa: ndaga fijo.

Mtazamaji mmoja hanunui mchele. Anaichukua ile namba, anafungua huduma ya pesa kwenye simu yake, anaandika shilingi elfu moja, na kabla hajaulizwa namba ya siri, simu inamwonyesha jina kamili la aliyesajili laini. Anaghairi muamala. Hajatumia hata senti, na sasa analo jina ambalo dada huyu alidhani amelificha. Kwa jina hilo anapata picha zake za zamani mtandaoni: shule aliyosoma, kwaya anayoimba, mama yake mzazi. Jioni nyingine mtoto anapita nyuma ya kamera akiwa na sweta lenye nembo ya shule. Jioni nyingine tena inasikika sauti ya kondakta akiita abiria wa Matema. Katika wiki ya tatu, katikati ya maoni ya wateja, yanatokea maneno haya: "Mwanao leo hakwenda shule?"

Kuanzia hapo mambo hubadilika haraka. Mtu huyo anatuma zawadi za mtandaoni, kisha anadai apigiwe simu ya faragha. Anapokataliwa anatukana. Watazamaji wengine, ambao hawana ugomvi wowote na dada huyu, wanajiunga kwa kuwa matusi yanachekesha. Inaibuka akaunti mpya yenye picha yake, inayopokea pesa za mchele ambao hautatumwa kamwe. Na usiku mmoja anabishwa hodi na sauti asiyoijua.

Hapa tuseme jambo linalohusu mazingira yetu. Katika mji mkubwa mtu anaweza kujua mtaa na bado akashindwa kuipata nyumba. Kyela si hivyo. Mgeni akishuka kwenye gari na kuuliza, "Kwa mama anayeuza mchele kwenye simu ni wapi?", mtoto wa jirani atamshika mkono na kumfikisha mlangoni, kwa adabu kabisa. Ukarimu huo ni mzuri na hatushauri uachwe. Tunachosema ni kwamba anayerusha matangazo kutoka kijijini ana anwani iliyo wazi kuliko anavyodhani, hivyo awaeleze majirani mapema kwamba mgeni asiyemfahamu aelekezwe dukani au sokoni, asiletwe nyumbani.

Mwaka 2019 polisi wa Tokyo, Japani, walimkamata mwanamume aliyemshambulia mwimbaji kijana karibu na nyumbani kwake. Alikuwa ameitambua stesheni ya treni anayoitumia kwa kukuza taswira iliyoakisiwa machoni mwake katika picha aliyojipiga mwenyewe, kisha akailinganisha na picha za barabarani zinazopatikana mtandaoni. Taarifa za kesi hiyo zilieleza pia kwamba alichunguza video zake, akitazama pazia na jinsi mwanga unavyoingia dirishani, ili kukisia alipoishi. Ikiwa stesheni ilisomeka machoni, mlima hauhitaji kukuzwa.

Wapo wanaosikia mifano ya namna hii na kutoa ushauri mmoja: dada huyo aache mtandao. Hatukubaliani nao. Huko ndiko anakopatia ada za shule, na aliyekosa ni anayesumbua, siyo anayesumbuliwa. Ushauri wa kukaa kimya humwongezea mkosaji nguvu na humpunguzia mfanyabiashara mkate wake.

Yaliyo mikononi mwako

Anza na namba ya simu, kwa sababu nchini kwetu namba ni zaidi ya namba: imesajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, nayo hubeba jina na pesa zako. Anayeuza mubashara asitangaze laini yake binafsi. Atumie namba ya malipo ya biashara, ile inayojulikana kama lipa namba, ambayo humwonyesha mlipaji jina la biashara. Kwa mazungumzo na wateja awe na laini nyingine, na laini inayofungua akaunti zake za mtandaoni na benki isijulikane kwa watazamaji kamwe. Piga *106# mara kwa mara kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, mweleze mtoa huduma aiondoe. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zako.

Nyuma yako tundika kitenge. Ushauri huu unaonekana mdogo mno kuandikwa kwenye kijitabu cha umma, lakini kitambaa kisicho na maandishi kinaficha dirisha, geti, kalenda ya kanisa na namba ya pikipiki kwa wakati mmoja. Zima ruhusa ya mahali kwenye programu unayotumia. Zima arifa pia, maana ukiwaonyesha watazamaji skrini ya simu, ujumbe wenye tarakimu za uthibitisho unaweza kuingia wakati huohuo.

Saa nayo ni taarifa. Soko la vyungu la Lyulilo, jirani na Matema, hufanyika Jumamosi, na vyungu vya Wakisi hufika hapo kwa mitumbwi. Anayerusha matangazo kutoka sokoni kila Jumamosi anawaambia watazamaji wake mambo mawili: alipo, na kwamba nyumbani hayupo. Palipo na hatari hiyo, rekodi ukiwa sokoni na uipandishe video ukisharudi. Utapoteza msisimko kidogo, lakini vyungu vitauzika.

Usirushe peke yako. Majukwaa makubwa yanakuruhusu kumteua msimamizi, yaani mtu unayemwamini ambaye kazi yake ni kufuta maoni na kuwatoa wasumbufu wakati wewe unaongea. Yanaruhusu pia kuweka orodha ya maneno yasiyotakiwa. Jaza orodha hiyo mwenyewe, kwa kuwa mfumo uliotengenezwa ng'ambo huenda usitambue tusi la Kinyakyusa au kijembe cha Kiswahili ambacho kila mtu wa hapa anakielewa. Na anayekutumia zawadi amekupa zawadi. Hakununua namba yako wala muda wako baada ya tangazo, na unaweza kumwambia hivyo mbele ya wote.

Kuna faragha nyingine inayosahaulika: ya wateja wako. Kusoma kwa sauti "mama fulani wa mtaa fulani, namba yako sifuri saba...", ili kumthibitishia kwamba mzigo umeondoka, ni kuzitangaza taarifa zake kwa watu asiowajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu ukusanyaji na matumizi ya taarifa za watu, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Mthibitishie mteja kwa ujumbe wa faragha.

Kuhusu watoto tutasema kwa kifupi. Tangu Novemba 2022, TikTok hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kurusha mubashara. Mzazi anayemfungulia mtoto akaunti kwa umri wa uongo anamwondolea kinga hiyo. Mtoto akitishwa au kushawishiwa na mtu mtandaoni, piga 116, namba ya kuwasaidia watoto.

Yakishatokea

Wengi hukosea katika mpangilio. Hasira au aibu huwafanya wafute kila kitu na kumzuia msumbufu papo hapo, kisha wanafika kituoni mikono mitupu. Hifadhi ushahidi kwanza. Piga picha za skrini zinazoonyesha maneno yenyewe, jina la akaunti, tarehe na saa. Nakili kiungo cha akaunti. Hifadhi rekodi ya tangazo. Mwombe msimamizi wako ahifadhi nakala ya pili. Usimjibu. Baada ya hapo ndipo umzuie na kumripoti kwa jukwaa husika.

Kisha nenda polisi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kujifanya mtu mwingine ni kosa jingine, lililo katika kifungu cha 15. Omba namba ya taarifa yako, maarufu kama RB, na uitunze. Ikiwa vitisho vina sura ya udhalilishaji wa kijinsia, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utaweza kueleza mambo yako pasipo kusikilizwa na foleni nzima.

Watu wengine huja kwetu kwanza, na ni vema tuwe wakweli: Mamlaka ya Mawasiliano haikamati mtu wala haiendeshi kesi ya matusi. Tunachoshughulikia ni huduma: laini iliyosajiliwa kwa jina lako bila idhini, au mtoa huduma asiyeshughulikia lalamiko lako. Lipeleke kwake kwanza, utunze kumbukumbu, na usiporidhika uje ofisi yetu ya kanda iliyopo Mbeya. Ujumbe wa kitapeli unaokutaka utume pesa usambaze kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma.

Kwa wakazi wa Kasumulu na kando ya Mto Songwe, msumbufu anaweza kuwa anatumia laini ya Malawi. Hilo lisikuzuie kutoa taarifa. Malawi ina sheria yake ya usalama wa mtandao ya mwaka 2016, na mawasiliano kati ya nchi mbili ni kazi ya polisi. Kazi yako ni kuwapa namba kamili, pamoja na tarakimu 265 zinazoitangulia.

Zoezi

Fungua rekodi ya tangazo lako la mwisho. Zima sauti na ulitazame lote, ukiandika kila kinachoonekana isipokuwa uso wako na bidhaa zako. Kisha funika skrini kwa kitambaa, washa sauti, na usikilize tena: kengele, watoto, kondakta, jirani anayekuita kwa jina la mwanao. Mpe karatasi hiyo ndugu anayeishi mbali na Kyela, umwombe aandike chini yake unaishi wapi, na nani, na ni saa ngapi nyumba huwa haina mtu.